Alhamdu kisha Yunus: uchambuzi wa kisa cha flashi iliyovuruga mpangilio wa sura kwenye redio ya gari

Usuli

Mhusika ni mzee mstaafu wa mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Hapa ataitwa Mzee, na kijana wa sekondari anayemsaidia mambo ya simu na kompyuta ataitwa Mjukuu. Mji, maduka na mafundi waliopita kabla yetu nimewaacha bila majina. Gari nalo halihitaji kutajwa zaidi ya kusema kwamba lilitoka Japani likiwa limeshatumika, kama yalivyo mengi barabarani kwetu.

Hilo la Japani lina uzito wake kwenye kisa. Redio iliyokuja na gari ilishika FM kuanzia 76 hadi 90 MHz, masafa ya kwao, wakati stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Maandishi yake yalikuwa Kijapani kitupu. Mzee aliivumilia kwa muda na zile stesheni chache za chini, kisha akachoka, akafungiwa redio ya bei nafuu yenye tundu la USB, kioo cha mstari mmoja na vitufe sita vya namba. Waliowahi kuwa na redio za aina hii wanavijua vitufe hivyo: 3 cha kurudia, 4 cha kuchanganya, 5 cha kurudi kumi nyuma, 6 cha kuruka kumi mbele.

Matumizi yake ni karibu mamoja tu. Anasikiliza Qur'ani, sura zote 114 kwa mpangilio wake, kwa kisomo cha msomaji mmoja anayempenda, na jioni mawaidha kidogo. Kwa miaka alikuwa na flashi ya GB 4 iliyofanya kazi bila maneno, mpaka alipoigonga kwa goti akishuka garini, ikavunjika shingoni.

Mambo yalivyofuatana

Mjukuu alinunua flashi ya GB 64, kwa hoja kwamba kubwa ndiyo itakayokaa. Akanakili sura zote, akaichomeka. Redio ikaandika NO FILE, yaani haioni faili, ikarudi FM. Dukani wakasema flashi ni mbovu, na kwamba hata wakijaribu kuiformati kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili ambao redio nyingi huuelewa, kompyuta inakataa. Wakamuuzia nyingine ya GB 32.

Hii ya pili ilisomeka, na hapo ndipo matatizo yalipoanza kuonekana. Kwa kuwa wakati huo hakuwa na kompyuta, Mjukuu aliijaza kwa simu kupitia waya wa OTG, ule wa kuunganisha flashi na simu. Sura ya 36 ilikuwa na mikwaruzo, hivyo akapata nakala safi, akaiweka, kisha akaifuta ile ya mwanzo. Mawaidha aliyatoa kwenye kundi la WhatsApp la msikiti. Alipoona mafaili yake yanaishia na .opus, akayabadilisha majina yaishie na .mp3.

Mzee alipokuja kwetu karakanani tayari ameshashauriwa mara mbili anunue redio ya kioo kikubwa ya Android. Baada ya shikamoo na marahaba alieleza hivi: «Flashi hii imelogwa, mwanangu. Naanza na Alhamdu, inaniletea Yunus. Nikizima gari nikawasha, inanirudisha Alhamdu. Na mawaidha inayataja jina tu, haisomi.»

Sentensi moja baada ya nyingine, alikuwa ametupa matatizo matatu. Wote waliotutangulia, duka na fundi aliyemshauri, walilisikia moja: flashi mbovu. Tuliamua tangu mwanzo kuyatenga na kulipima kila moja kivyake, hata kama mwishoni yangekuwa na chanzo kimoja.

Jambo la kwanza lilikuwa kitufe cha 4. Kikibonyezwa bila kukusudia redio huchanganya, na nimeona watu wakibadilisha flashi tatu kwa sababu ya kitufe hicho. Kioo hakikuonyesha RDM, alama ya kuchanganya. Halafu, mchanganyo wa Mzee haukuwa wa bahati nasibu. Kila siku ulikuwa uleule. Tulikaa naye garini tukasonga mbele sura kwa sura: Al-Fatiha (ndiyo hiyo Alhamdu), Yunus, Al-Adiyat, Al-Qari'a, At-Takathur. Ukiandika namba za sura hizo unapata 1, 10, 100, 101, 102. Baada ya 109 ikaja Hud, ambayo ni ya 11, kisha An-Nasr ya 110. Huo ni mpangilio wa kiherufi, unaotazama tarakimu ya kwanza, kisha ya pili, bila kujua kwamba 10 ni kubwa kuliko 2. Mafaili ya Mjukuu yaliitwa 1.mp3, 2.mp3, na kuendelea.

Hapo mtu angesema tatizo limekwisha: yape majina ya tarakimu tatu, mambo yawe sawa. Kilichotuzuia ni Yasin, sura ya 36. Kwa mpangilio wa kiherufi ilipaswa kuja baada ya 35. Badala yake ilikuja mwisho kabisa, baada ya Az-Zalzala ya 99. Kwa hiyo redio haikuwa ikipanga majina kiherufi. Kuna kingine kilichokuwa kikiongoza.

Tulichukua flashi ndogo ya karakana, tukaifuta, tukaweka mafaili matano kwa mkono, moja baada ya jingine: kwanza 03, kisha 01, 05, 02, 04. Redio ikaanza na 03, ikafuata 01, ikafuata 05. Redio hii haipangi chochote. Inasoma mafaili kwa utaratibu yalivyoandikwa.

Kwa nini redio inafanya hivyo

Hapa panahitaji maelezo, kwa sababu ndicho kiini cha kisa na watu wengi hawakijui.

Kwenye flashi ya FAT32 kila folda ina orodha yake. Orodha hiyo imegawanywa kwenye nafasi za baiti 32. Kila faili linachukua nafasi moja kwa jina fupi la mtindo wa zamani, na kama jina ni refu, linaongezewa nafasi nyingine, kila moja ikibeba herufi 13. Faili jipya huwekwa penye nafasi iliyo wazi, au mwisho wa orodha kama hakuna. Orodha yenyewe haipangwi kwa herufi wala kwa tarehe. Ukiifungua kwenye kompyuta unaona imepangwa vizuri kwa sababu kompyuta ndiyo inayoipanga kabla ya kukuonyesha. Redio ya bei nafuu haina haja ya kujisumbua hivyo: inaanza juu ya orodha, inateremka.

Simu ya Mjukuu ilinakili kwa mpangilio wa kiherufi, hivyo orodha ikaandikwa 1, 10, 100. Yasin mpya iliwekwa kabla ya ile ya zamani kufutwa. Wakati huo hakukuwa na nafasi wazi katikati, ikaenda mwisho. Angeifuta ya zamani kwanza, ile mpya ingeweza kuangukia kwenye pengo lake, na sisi tungekosa dalili iliyotufungua macho. Ukitumia Windows kuna mtego mwingine: ukichagua mafaili mengi na kuyaburuta, lile ulilolishika kwa kipanya ndilo linalonakiliwa kwanza. Mtu anashika la mwisho kwenye orodha, anaburuta, kisha anashangaa kwa nini redio inaanza na Kul a'udhu birabbi n-nas.

Na ile flashi ya GB 64? Haikuwa mbovu. Tuliijaribu kwa H2testw, programu inayoijaza flashi na kuisoma tena kuona kama ukubwa ulioandikwa ni wa kweli, maana flashi za uongo ni nyingi sokoni: inadai 64, ndani ina 8, na kinachozidi kinapotea kimyakimya. Hii ilikuwa ya kweli. Ilikuja tu ikiwa na mfumo wa exFAT, ambao Microsoft waliutoa mwaka 2006 na wakauweka wazi kwa kila mtu mwaka 2019. Redio nyingi za bei nafuu hazikuwahi kuujumuisha. Zinajua FAT16 na FAT32 tu. Na duka halikudanganya lilipoona kompyuta inakataa: kwa miaka mingi dirisha la kuformati la Windows limekuwa halikupi chaguo la FAT32 ukizidi GB 32. Kilichowapita ni kwamba kikomo hicho ni cha dirisha hilo, si cha FAT32. Kuna programu ndogo za bure zinazoiformati flashi ya GB 64 kwa FAT32 bila tabu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mkubwa ulikuwa kutobadilisha redio. Mzee hataki kioo cha kugusa akiwa anaendesha, na mimi naona yuko sahihi. Kitufe cha kubonyeza unakipata kwa kidole bila kutoa macho barabarani. Redio ikibaki, basi kila kitu kingine ndicho kitakachoifuata.

Flashi tuliyochagua ni ya GB 8, fupi, isiyojitokeza kwenye dashibodi. Hesabu yenyewe ni rahisi. Kisomo chake ni cha saa kama 28, na MP3 ya kbps 128 (kilobiti 128 kwa sekunde) hula karibu MB 58 kwa saa, yaani Qur'ani nzima haifiki hata GB 2. Flashi kubwa ilimletea Mjukuu tatizo la exFAT bila kumpa faida yoyote.

Sura tulizipa majina upya: 001 FATIHA, 002 BAQARA, mpaka 114 NAS. Tarakimu tatu ni za kompyuta na za redio nyingine atakayowahi kununua; redio ya sasa haizijali. Kisha tukaiformati flashi na kunakili folda nzima kwa pamoja kutoka kwenye diski ya NTFS. Mfumo wa NTFS huweka orodha za folda zikiwa zimepangwa kwa jina, hivyo folda ikinakiliwa nzima mafaili huandikwa kwa utaratibu huo bila mtu kuhangaika na kipanya. Kwa wenye Linux ipo programu ya fatsort, inayoipanga orodha ya FAT moja kwa moja bila kunakili upya. Hatukuitumia kwa sababu kazi ya baadaye itafanywa na Mjukuu, na Mjukuu anatumia Windows.

Tulijadili pia kutumia mafaili 30 ya juzuu, zile sehemu 30 za Qur'ani, badala ya 114 ya sura. Mpangilio ungekuwa rahisi zaidi. Mzee alikataa: Ijumaa anataka Al-Kahf, na akiisaka ndani ya juzuu ya 15 na ya 16 atafika aendako hajaipata. Kwa sura, akiwa kwenye Al-Fatiha anabonyeza kitufe cha 6 mara moja, yuko ya 11, kisha anasogea mbele mara saba. Sharti lake lilikuwa la haki, na lilikuwa la mtumiaji, sisi hatukulifikiria.

Majina ya Kiarabu yaliyokuwa ndani ya mafaili, zile taarifa za ID3, yalitokea kwenye kioo kama alama za kuuliza. Tuliyafuta yote. Redio isipokuta taarifa hizo inaonyesha jina la faili, na 018 KAHF inasomeka hata bila miwani.

Mawaidha yalikuwa hadithi nyingine. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp umefungwa kwa Opus, mfumo wa kuhifadhi sauti ulio tofauti na MP3. Kubadilisha herufi za mwisho za jina hakubadilishi kilichomo; redio ilikubali kuliorodhesha faili kwa sababu ya .mp3, ikalifungua, haikuelewa, ikaonyesha 00:00 na kuruka. Tuliyageuza kwa ffmpeg, programu ya kugeuza mafaili ya sauti:

ffmpeg -i sauti.opus -ac 1 -ar 44100 -b:a 64k 01.mp3

Chaneli moja inatosha kwa sauti ya mtu anayezungumza, na kbps 64 inapunguza ukubwa nusu. Ile 44100, idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde, tuliilazimisha kwa makusudi. Rekodi za mazungumzo mara nyingi huwa na kiwango cha 16000 au chini zaidi, na baadhi ya redio hukataa MP3 za namna hiyo. Mawaidha yakawekwa folda yake, mbali na Qur'ani.

Waya wa njano

Tatizo la redio kurudi Alhamdu kila gari linapozimwa halikuwa la flashi hata kidogo. Tulimuuliza Mzee kama ile flashi ya zamani ilifanya vivyo hivyo. Akafikiri. Ilifanya, akasema, ila alishazoea. Kumbe kwa miaka yote hiyo, kwenye safari fupi za mjini, alikuwa akisikia Al-Fatiha na mwanzo wa Al-Baqara, Al-Fatiha na mwanzo wa Al-Baqara, na Aal Imran akiifikia akienda safari ndefu tu. Al-Baqara ina aya 286 na kwa kisomo chake ni kama saa mbili. Tena saa ya redio nayo ilikuwa ikianza upya kila asubuhi, na stesheni za FM hazikai. Hakuwahi kulalamika kwa sababu hakujua kwamba redio inapaswa kukumbuka.

Redio za gari zina nyaya mbili za umeme. Nyekundu hupata umeme swichi ikifunguliwa. Njano hupata umeme wa betri muda wote, na ndiyo inayoshikilia kumbukumbu. Fundi umeme tuliyemwita alitoa redio kwenye dashibodi, akafunga swichi, akaweka mita kwenye njano. Sifuri. Aliyeifunga alizisokota njano na nyekundu pamoja, akazifunga tepu, akaziunganisha kwenye waya wa swichi. Wapo wanaofanya hivyo kwa kuogopa redio itamaliza betri, ingawa redio iliyozimwa hunywa umeme kidogo mno. Wengine ni uvivu wa kutafuta waya wa pili. Fundi alizitenganisha, akaipa njano umeme wa moja kwa moja kupitia fyuzi yake, akapima tena: volti 12 na pointi, swichi ikiwa imefungwa.

Matokeo

Sura zinafuatana. Redio ikizimwa katikati ya aya inaendelea palepale. Kwa Mzee hilo la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Yeye huzima redio kwa kitufe kabla ya kuzima injini, asiikate aya kwa ufunguo, na sasa huiacha mwisho wa aya na kuikuta hapo asubuhi. Mawaidha yanasomeka.

Si kila kitu kilikaa. Flashi ikichomolewa, redio inasahau ilipofikia. Ni tabia ya redio yenyewe na hatukupata njia ya kuizunguka, zaidi ya kumwambia asiichomoe bila sababu. Na baada ya muda Mjukuu aliongeza mawaidha mapya kwa simu, mengine akayafuta, folda ile ikavurugika tena. Qur'ani haikuguswa, kwa kuwa kila folda ina orodha yake.

Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi ya yote ni lile jaribio la mafaili matano. Linachukua dakika chache, halihitaji programu yoyote, na linajibu swali ambalo kitabu cha redio nyingi hakilijibu: inapanga kwa jina au kwa utaratibu wa kuandikwa? Bila hilo tungebadilisha majina yote 114 papo hapo juu ya flashi, tukairudisha, na redio ingesoma 001, 010, 100 vilevile, kwa sababu kubadilisha jina peke yake hakukulazimu kubadilisha nafasi kwenye orodha. Mzee angeondoka akiamini kweli imelogwa.

Swali kuhusu flashi ya zamani nalo lilikuwa na thamani kubwa. Mteja hueleza kilichobadilika, si alichokizoea. Waya wa njano ulikuwa na kosa tangu siku redio ilipofungwa, lakini uliingia kwenye malalamiko kwa kuwa tu flashi mpya ilimfanya aanze kuitilia redio shaka.

Duka lilikosea wapi? Si kwenye bidhaa. Flashi zote mbili zilikuwa nzima. Lilikosea kwa kutumia neno «mbovu» kabla ya kupima, na flashi ya pili iliposomeka, hilo likaonekana kuthibitisha kwamba ya kwanza ilikuwa mbovu kweli. Yaliyobaki, sura kuvurugika na redio kusahau, yakahamishiwa kwa redio. Ushauri wa kununua Android ungemaliza tatizo la mpangilio, hilo sikatai, maana programu zake nyingi hupanga kwa jina. Usingegusa mafaili ya Opus yaliyobandikwa .mp3 kwa njia ya uhakika. Na kama fundi yuleyule angeifunga redio mpya kwa nyaya zilezile zilizosokotwa, ingesahau na yenyewe, tena ingechelewa kuwaka kila asubuhi kwa kuanza upya.

Upande wetu, mpango wa mawaidha ndio uliokuwa dhaifu. Folda ya Qur'ani haibadiliki, hivyo kuiandika mara moja kwa utaratibu kunatosha. Folda ya mawaidha inabadilika kila wiki, na tuliipa dawa ileile. Ilihitaji utaratibu wa kuhudumia: nakala kuu ibaki kwenye kompyuta, nyongeza na ufutaji vifanyike huko, kisha folda ya mawaidha kwenye flashi ifutwe nzima na kunakiliwa upya kila mara. Tumemwandikia Mjukuu hatua hizo kwenye karatasi, na namba ya kuanzia ya kila faili iwe tarehe, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, ili mawaidha ya karibuni yakae mwisho bila yeye kuhesabu. Ile flashi ya GB 64 amebaki nayo kwa picha zake, ikiwa na exFAT yake kama ilivyokuja.